Kaniama: Feza ya kitabu kimoja, na Adam Shafi ana sita

Ujumbe wa sauti uliingia Jumanne jioni, saa ile mtandao wa Kaniama unapoamka kidogo. Aliyeutuma ni kijana wa familia, msaidizi wa dereva kwenye malori yanayobeba shaba ya Katanga mpaka bandari ya Dar es Salaam. Lori lao lilikuwa linangoja mzigo wa kurudi nao Lubumbashi. Kijana alikuwa amesimama ndani ya duka la vitabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika safari zake zote, na aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

"Yaya, yule mwandishi wako nimemuona. Lakini si kitabu kimoja, viko vingi. Feza uliyonipa ni ya kimoja. Nichukue kipi? Ijumaa tunatoka."

Yaya huyo ni mshonaji. Kibanda chake kiko upande wa stesheni: mashini moja ya miguu, meza moja, na ukuta uliojaa vipande vya vikwembe. Feza aliyoisema kijana ni franka 40,000, zilizotoka kwenye yunifomu za wanafunzi, bulu na nyeupe, alizoshona usiku kabla ya masomo kufunguliwa. Hazikuwa feza za mchezo. Zingeweza kununua unga, au kutengeneza mguu wa mashini unaolia tangu mwezi wa tano. Aliziweka pembeni kwa ajili ya mdogo wake, msichana wa miaka 16 aliye mwaka wa nne wa sekondari, ambaye husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ile iliyofungiwa samaki.

Msichana anapenda hadithi za mapenzi, na si mapenzi ya leo ya simu na picha. Anataka ya zamani: watu walipendanaje wakati wa wakoloni, nani aliwakataza, na waliandikianaje barua. Filamu za namna hiyo zinazunguka Kaniama kwenye kadi za simu, lakini zinatoka mbali na zinasema lugha za mbali. Yaya wake alitaka ampe kitu cha Kiswahili. Na kwa Kiswahili, mtu akitafuta mapenzi yaliyofungwa ndani ya historia, jina la Adam Shafi halikawii kutajwa.

Adam Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Alianza na Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, mwaka uliofuata akatoa Kuli, halafu miaka 20 ikapita kabla ya Vuta n'kuvute kutoka mwaka 1999. Haini kilifuata mwaka 2003, Mbali na Nyumbani mwaka 2013 na Mtoto wa Mama mwaka 2018. Haandiki mapenzi matupu. Wapenzi wake wanaishi katikati ya mambo yaliyotokea kweli: migomo, utawala wa Mwingereza, mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, magereza. Ndiyo sababu si rahisi kusema mtu aanzie wapi. Ukikosea mlango, unaingia gerezani kabla ya kufika arusini.

Mshonaji alikuwa amekwisha kukosea mlango yeye mwenyewe. Jirani yake, mama mmoja mwenye asili ya upande wa Kalemie, aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, huko Tanzania. Aliporudi Kongo alirudi na watoto, sufuria, na vitabu viwili vya Adam Shafi. Kimoja alikiazimisha na hakikurudi. Kitabu kilichoazimishwa Kaniama ni kama kuku aliyevuka reli. Kilichobaki ni Haini, na ndicho mshonaji alichopewa.

Haini ni hadithi ya Hamza, mtu anayekamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa. Nyuma yake kuna jambo la kweli. Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi akafa tarehe 7 Aprili 1972, na watu wengi wakatiwa ndani, Adam Shafi akiwa mmoja wao. Anayoandika juu ya selo na mahojiano hakuyasikia kwa jirani. Mshonaji alifika kama ukurasa wa 30 akakirudisha. Alisema kilikuwa kinamnyima usingizi.

Kitabu hakina kosa. Haini kinamtaka msomaji awe tayari anajua watu hawa walipigania nini mwaka 1964, ndipo aumie anapowaona miaka minane baadaye wakiteswa na wenzao. Asiyejua hayo anaona mateso tu. Kwa wazee wa Kongo waliokomaa chini ya Mobutu ni tofauti. Hao wanaweza kuanza na Haini bila kuelezwa kitu, kwa maana wanajua gari linalosimama mlangoni usiku linasikika namna gani. Lakini kumpa msichana wa miaka 16 anayetafuta mapenzi, hapana. Haini kikafutwa kwanza kwenye orodha.

Jumatano asubuhi alipita mwalimu mstaafu wa Kifaransa kuchukua suruali yake. Alipoambiwa shida, hakufikiri hata dakika moja. Mwandishi, alisema, anaanzwa pale alipoanza mwenyewe, na kuanza katikati ni tabia ya watu wanaofungua biblia kwa kidole. Kwa hiyo Kasri ya Mwinyi Fuad. Akaongeza sababu ambayo ni ya hapa kwetu Kongo kabisa: kitabu hicho kipo kwa Kifaransa. Jean-Pierre Richard alikitafsiri, kikatoka mwaka 1986 kwa jina la Les girofliers de Zanzibar, na mwalimu alikisoma alipokuwa mwanafunzi Lubumbashi. Msichana angeweza siku moja kukitafuta na hicho, akalinganisha kurasa, na mtihani wa Serikali ungemkuta ameshanoa lugha zote mbili.

Kisha mwalimu akavuta kiti, na suruali ikasahaulika. Kasri hiyo ni ya Fuad, kijana aliyerithi utajiri wa mashamba ya karafuu, na ndani yake kuna mtumishi mzee anayeitwa Kijakazi. Mwalimu alitaka jina hilo lisikike vizuri. Kijakazi ni mtumwa wa kike. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na mama huyo wa kitabuni anaishi miaka mingi baadaye, lakini jina analolibeba bado ni la kazi, si la mtu. Na hao waliolima karafuu walitoka wapi? Wengi walitolewa bara, na wengine upande huu wa ziwa Tanganyika. Tippu Tip, aliyetawala Maniema kwa bunduki na biashara ya pembe na watumwa, alizaliwa Zanzibar na akafia huko huko mwaka 1905. Mwalimu akasema kwamba mtoto wa Kiluba akisoma Kasri ya Mwinyi Fuad hasomi habari za wageni. Anasoma kule walikofikishwa watu ambao vijiji vyao viliamka asubuhi na kukuta nyumba tupu.

Hoja hiyo ni nzito, na kama kitabu kingekuwa cha mwalimu ingetosha. Lakini Kasri ni riwaya ya mwandishi kijana mwenye hasira. Wabaya ni wabaya toka kichwa mpaka mguu, wema wanajulikana toka mbali, na msomaji anajua mapema upepo unaenda wapi. Tamaa ya Fuad ipo, mapenzi ni kidogo. Msichana angekisoma kama somo la historia, angeheshimu, na pengine asingeomba cha pili. Na kitabu cha kwanza kina kazi hiyo moja: kumfanya mtu aombe cha pili.

Yule aliyefuata kutoa maoni si msomaji wa riwaya. Ni papa mmoja mstaafu wa reli, anayekaa kwenye benchi la kibanda karibu kila siku kwa sababu kuna kivuli na kwa sababu pensheni haiji. Alikuwa amemsikiliza mwalimu kwa heshima, macho yamefungwa. Mwalimu alipotaja Kuli, akasema ni habari za vibarua wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, papa akafungua macho. Kuli ni mtu wa nini? Wa kubeba mizigo melini. Rashidi, kijana wa hadithi hiyo, anaingia bandarini kama baba yake alivyoingia, na polepole anaelewa kwamba gunia linamponda kwa sababu kuna mtu analipwa ili limponde.

Papa akanyoosha mgongo. Reli inayopita Kaniama, ile iliyounganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilifunguliwa mwaka 1928, na babu yake alikuwa kati ya waliobeba mataruma. Yeye mwenyewe alikua akisikia habari za Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma na askari wakawapiga risasi uwanjani Elisabethville. Alisikia pia juu ya Matadi, Novemba 1945, wabeba mizigo wa bandari walipogoma na wao. Miaka mitatu baadaye, Zanzibar. "Mbeligiji alikuwa huku, Mwingereza alikuwa kule," alisema, "gunia lilikuwa lile lile." Akapigia Kuli kura yake. Halafu akauliza kwa sauti ya chini zaidi: na kikifika, nani atamsomea?

Swali hilo lilimkaa mshonaji moyoni, na kwa kweli Kuli kilikaribia kushinda siku hiyo ya Jumatano. Kwa nyumba ya watu wa reli hakuna mlango mzuri zaidi. Ni kifupi, lugha yake ni ya watu wa kazi, na mgomo unasomeka kama mechi ambayo matokeo yake hayajulikani. Mtu akiulizwa na kijana wa kiume, au na chama cha wafanyakazi, au na mzee wa benchi, ajibu Kuli bila kusita. Lakini aliyekuwa anatafutiwa kitabu ni mtu mwingine.

Alhamisi jirani wa Nyarugusu alikuja na kapu la sombe. Yeye hakuanza na hoja, alianza na hadithi. Ni hadithi ya kile kitabu chake kilichopotea, Vuta n'kuvute, na aliisimulia kama mtu anayesimulia habari za dada yake. Kuna msichana Mhindi wa Zanzibar, wakati wa Mwingereza, anaitwa Yasmin. Ana miaka 15. Wazee wamemwoza kwa mwenye duka, Bwana Raza, ambaye ana miaka 52.

Mashini ya kushona ikanyamaza.

Jirani hakujua, au labda alijua. Habari za nyumba za Kaniama hazihitaji redio. Baba wa dada hao wawili alishafariki, na baba yao mdogo ndiye anayeshika mambo ya familia. Kuna mfanyabiashara anayenunua mahindi Kaniama na kuyapeleka Mwene-Ditu kwa treni. Mtoto wake wa kwanza ni mkubwa kuliko mshonaji. Mwaka huu mfanyabiashara huyo alimlipia msichana karo ya shule, bila kuombwa na mtu, na tangu hapo baba mdogo amekuwa akisema kwamba anayelipa shule ndiye mzazi. Siku ya kuja na mahari haikuwa imepangwa, lakini ilikuwa imeanza kutajwa. Sheria ya familia iliyorekebishwa Julai 2016 inasema mtu haoi wala haolewi kabla ya miaka 18, mwanamume na mwanamke sawasawa. Baba mdogo anaijua. Anasema sheria iko Kinshasa, na miaka miwili si mbali, mahari inaweza kutangulia.

Kwa hiyo mshonaji aliposikia miaka 15 na 52, moyo wake uliruka. Hiki hapa! Msichana asome, aone, akatae. Jirani akatikisa kichwa. Alisema kwamba kama anakitaka kitabu hicho kwa kazi hiyo, afadhali achukue kingine.

Yasmin wa kitabuni, alieleza, kweli anamwacha mzee. Mume anamhamishia Mombasa, na msichana anarudi Unguja peke yake. Lakini anaporudi mjomba wake anamfungia mlango, jamaa zake wanamkana, na mlango unaofunguka ni wa rafiki yake Mwajuma, Mswahili maskini wa mtaa wa maskini. Hapo ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayetafutwa na polisi kwa sababu anataka Mwingereza aondoke. Wanapendana, lakini Inspekta Wright naye yupo, na Denge ana mpenzi mwingine anayempa saa zake zote, ambaye ni nchi. Jina la kitabu ni mchezo wa kuvutana: wewe vuta, nami nikuvute. Yasmin anavutwa na mume, na ukoo, na serikali, na mapenzi, na hakuna hata mmoja anayelegeza kamba kwa kumhurumia. Mwisho wake jirani alikataa kuusema. Alisema tu kwamba si ule ambao mtu anautegemea akiwa katikati, na kwamba alipoufikia kwa mara ya kwanza, chini ya mti kule Nyarugusu, alikasirika siku mbili, siku ya tatu akakubali kwamba mwandishi alikuwa anajua maisha.

"Ukimpa kama silaha, atakisoma kama silaha," jirani alisema. "Ataona yule alimwacha mzee, basi, akifunge. Umpe kama hadithi. Yasmin atamfikia mwenyewe."

Hapo liliingia pingamizi ambalo lazima litajwe, kwa sababu kila mzazi atalitoa. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa anapimwa blauzi, alisikia yote na akauliza kama kitabu chenye wapenzi wasiooana, pombe na madansi kinafaa kwa mtoto wa shule. Ni kweli hayo yote yamo. Adam Shafi haandiki kwa kuziba macho, na kurasa zake za kwanza zinamtazama Yasmin kwa namna ambayo mama wa kwaya asingependa zisomwe kwa sauti mbele ya watoto. Lakini Tanzania kitabu hiki kimekuwa kikisomwa shuleni, kidato cha tano na cha sita, yaani miaka ile ya mwisho ya sekondari. Na kilichomo kuhusu mapenzi ni kidogo kuliko kilichomo kwenye simu ya mwanafunzi yeyote wa Kaniama, isipokuwa humu kila tendo lina matokeo yake. Mama wa kwaya hakushawishika. Alilipa nusu ya blauzi akaondoka.

Kuhusu vitabu viwili vya mwisho, hakuna aliyevitetea. Mbali na Nyumbani ni kumbukumbu za mwandishi mwenyewe, kijana anayeondoka Zanzibar kutafuta masomo ng'ambo. Ni kizuri kwa aliyekwisha kumpenda mwandishi na anataka kujua ametoka wapi. Mtoto wa Mama nacho kikaachwa kingoje. Iko pia filamu ya Vuta n'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na kijana wa lori aliuliza kama asitafute hiyo badala ya karatasi. Mshonaji alikataa. Filamu ingeisha usiku mmoja, na alikuwa amelipa apate mwezi mzima.

Kulibaki jambo la lugha, na hapo ndipo wengi wa Katanga wanaomshika Adam Shafi wanapokwama bila kusema. Kiswahili chake ni cha Unguja. Maneno yanafanana na ya hapa kwa sura, maana inakwenda njia nyingine. Jirani alicheka akikumbuka jinsi yeye mwenyewe, wiki zake za kwanza Tanzania, alivyosikia kwamba mwanamke fulani ametoka nje amevaa buibui, akabaki kutafuta ni mdudu gani huyo. Buibui ni vazi jeusi la wanawake wa pwani. Mambo ya namna hiyo yamo mengi, na msichana anayesema Kiswahili cha Kaniama, Kiluba nyumbani na Kifaransa darasani anaweza kuchoka ukurasa wa pili, kitabu kikaishia kuwekea chungu.

Mshonaji akaona dawa ni moja. Alhamisi jioni alimtumia kijana ujumbe: arudi dukani, afungue kila kitabu ukurasa wa kwanza, asome kwa sauti, atume. Kijana alilalamika, lakini alienda. Kati ya alivyosoma, mtandao ulileta viwili tu, Kuli na Vuta n'kuvute. Katika cha pili alisikika akikohoa kohoa na kupunguza sauti, bila shaka muuzaji alikuwa karibu na ukurasa ulikuwa ule ule uliomtisha mama wa kwaya.

Usiku, baada ya bukari, yaya aliziweka sauti hizo kwenye simu bila kusema kitu, na msichana akasikiliza akiwa anaosha sahani. Kuli alikisikiliza mpaka mwisho, akasema kijana anasoma vibaya. Cha pili kilipoisha alikuwa ameacha kuosha. Kulikuwa na maneno kama matatu ambayo hakuyaelewa, aliyauliza. Halafu akasema, "Yaya, rudisha nyuma." Kikarudishwa. Hakusema neno juu ya miaka 15, wala juu ya mzee. Aliuliza kama huyo Yasmin alikuwa na rafiki.

Ijumaa alfajiri mshonaji alituma neno moja: Vuta.

Kitabu kilichukua karibu mwezi. Kilipita mpaka wa Tunduma, kikavuka Zambia, kikaingia Kasumbalesa, kikalala Lubumbashi wiki mbili kikingoja treni, na kikafika Kaniama kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na pakiti ya chai kutoka kwa kijana, bila maelezo. Msichana anakisoma kibandani baada ya masomo, kwa sauti, kwa sababu mashini haimruhusu yaya wake kushika kitabu. Ndivyo papa wa reli alivyopata msomaji, ingawa si wa kitabu alichokipigia kura. Analalamika kwamba vibarua wamechelewa kutokea. Wanawake wanaokuja kupima nguo wanakaa zaidi ya inavyohitajika, na mmoja wao ni mama wa kwaya, ambaye blauzi yake, mtu anaweza kushangaa, bado inahitaji kupunguzwa mabega. Jirani wa Nyarugusu ndiye anayeulizwa maneno ya pwani. Wakifika mahali anapopapenda anatangulia kutikisa kichwa, na msichana anamwomba asiharibu.

Baba mdogo alikuja wiki ya kwanza, kwa habari ya kuchagua siku. Walikuwa bado kurasa za mwanzo. Alikaa kwenye benchi karibu na papa wa reli akingoja msichana amalize, lakini msichana hakumaliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia anyamaze. Baada ya muda baba mdogo akauliza huyo mwenye duka ana miaka mingapi. Msichana akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa anasomea: 52. Papa wa reli akakohoa. Baba mdogo akatazama reli, akasema kumbe saa imekwenda, atapita tena.

Alipita Jumamosi iliyofuata. Alikuta kibanda kimejaa, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama Yasmin amekwisha kurudi Unguja.